Kiti cha Abiria

"Kama ni tairi, mbona gari linatetemeka hata likiwa limezimwa?"

Mwanamke aliuliza hivyo akiwa kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa gereji, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu ya tumbo. Mume wake alikuwa ameinama kuchungulia chini ya gari. Fundi alikuwa ameshalala huko chini. Upepo, yule wa kujaza tairi, alikohoa kidogo akaenda kuzima pampu ambayo ilikuwa imeshazimwa. Wanaume watatu, mwanamke mmoja na pikapu moja, na aliyesikilizwa siku ile ni pikapu.

Mume alikuwa msafirisha vioo. Aliviegemeza wima kwenye fremu ya mbao huko nyuma, akavifunga kwa mablanketi makuukuu, akaendesha kama mtu aliyebeba mayai. Ndiyo maana hakumwamini mkewe.

"Kioo hakijapata hata ufa," alimwambia njiani. "Vioo vinavumilia, wewe ndiye unavunjika?"

"Mimi sijabeba kioo."

Alichobeba kilikuwa kimefika mahali pa kupiga mateke. Kabla ya hapo alikuwa amebeba akapoteza, akabeba tena akapoteza tena, hadi mawifi wakaacha kumuuliza. Safari hii hakutaka ahadi ya mtu yeyote; alitaka tu tumbo lifike mwisho wake. Mume naye alilitaka hilo kwa moyo wote. Kiti cha abiria kilipochanika na springi zikaanza kuchoma, alizunguka kwenye yadi za magari mabovu mpaka akapata kingine, kizima, laini, kilichofunguliwa kwenye gari ambalo hakuuliza liliishaje. Akakifunga mwenyewe, akakipangusa kwa kitambaa, akamwambia mkewe apande akae kama malkia.

Mtetemo ulianza siku hiyohiyo. Haukuwa wa barabara mbovu, maana barabara mbovu humrusha mtu. Huu ulipanda taratibu kutoka chini ya mapaja, ukashuka, ukapanda, kwa mwendo mmoja usiochoka, na kila ulipoanza, mtoto tumboni aliacha kucheza.

Fundi walimwita Daktari, kwa sababu alisikiliza magari kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini kwenye sikio, macho ameyafumba. Alitoka chini ya gari akijifuta mikono.

"Sheria ni moja," alisema. "Usukani ukitetemeka, ubovu uko mbele. Kiti kikitetemeka, uko nyuma. Shemeji, wewe unausikia wapi?"

"Kwenye kiti. Lakini kiti changu tu. Na gari likizimwa..."

"Basi ni nyuma," alisema Daktari, akarudi chini.

Wakapima mizani ya magurudumu, wakabadilisha tairi za nyuma. Wakashusha propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, wakaweka krosi mpya, maungio ya mhimili huo. Wakang'oa beringi ambazo hazikuwa na kosa lolote. Baada ya kila kazi waliliendesha hadi njia panda na kurudi, na mwanamke akiwa amekaa palepale, kwa sababu hakuna mwingine aliyeusikia.

"Shemeji ndiye kipimo chetu," alisema Upepo. "Akijifungua, tunafunga gereji."

Wakacheka. Naye akacheka nao, kidogo, kwa kuwa mwanamke asiyecheka gereji huambiwa ana hasira za mimba.

Mchana mmoja walimwacha ndani ya gari wakaenda kunawa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mumewe. Jua lilikuwa utosini, hakuna kitu kilichokuwa na kivuli, na kelele za barabarani zilikuwa zimepungua kama watu wameambiwa wanyamaze. Harufu ndiyo iliyotangulia, ya nywele zilizobabuka. Kisha kiti kikapata joto, lakini joto la mwili, si la jua. Na mtetemo ukapanda, ukashuka, na yeye, ambaye alikuwa ameutafutia jina wiki zote hizo, akautambua ghafla kwa namna ambavyo mtu hutambua hatua za jamaa yake ukumbini, kwamba hayo yaliyokuwa chini yake ni magoti, magoti mawili ya mtu aliyekaa, visigino vikinyanyuka na kushuka kama afanyavyo mama anayembembeleza mtoto mkaidi, na kwamba yeye alikuwa amepakatwa, na kwamba mkanda wa gari uliokuwa ukipita polepole juu ya tumbo lake haukuwa umevutwa na mkono wake.

Alifungua mlango, akashuka, akaenda hadi kwenye bomba la maji.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Njoo na bisibisi yako. Uiweke kwenye kiti."

"Kiti hakizunguki, shemeji. Kisichozunguka hakileti mtetemo."

"Uiweke tu."

Labda ni ile sauti ya chini iliyomtisha. Aliweka ncha kwenye reli ya kiti, mpini sikioni, akafumba macho. Akayafumbua.

"Unasikia nini?" mume akauliza.

"Springi."

"Springi gani zinakutoa jasho?"

Daktari alilamba midomo. "Kuna mtu anaimba amefumba mdomo," alinong'ona. "Nikizuia pumzi, naye anazuia."

Sasa wakaamini. Haya, mwanamke akisema ni mimba, bisibisi ikisema ni kweli.

Daktari alikuwa na njia yake aliyojivunia, aliyoiita kuhamisha. Usihukumu kifaa, alisema, mpaka ukitoe kwenye gari bovu ukifunge kwenye gari zima. Ubovu ukikifuata, umemkamata mwizi. Na uhamishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kipi ni kipi. Yeye mwenyewe alikuwa na pikapu ya aina ileile hapo yadini. Wakafungua boliti, wakakibeba kiti kama watu wanaobeba jeneza, wakakifunga kwenye gari la Daktari. Kisha wakamgeukia mwanamke.

"Panda, shemeji. Tupime."

"Nimeshawaambia ni kiti."

"Dakika moja tu, mke wangu," mumewe akamsihi. "Tuwe na hakika."

Akapanda. Mtetemo ukaja kabla hajaegemea, kwa nguvu kuliko siku zote, kama wa mtu aliyefurahi.

"Tumemkamata," alisema Daktari.

Wakakiburuta kiti nyuma ya gereji, wakakimwagia petroli. Moto ulikishika kwa mkupuo mmoja na ngozi ikajikunja, springi zikaanza kulia moja baada ya nyingine huku harufu ya nywele ikijaa kooni, na moshi, badala ya kwenda juu kama moshi wowote wenye adabu, ukalala chini, mzito, ukatambaa kwenye oili na mchanga wa yadi, ukapita katikati ya miguu ya Upepo, ukapita katikati ya miguu ya Daktari, ukawazunguka wanaume wote bila kumgusa hata mmoja, mpaka ukafika pale mwanamke aliposimama, na hapo ukaisha.

Nyumbani alikalia kiti cha plastiki ambacho kilikuwa chao tangu waoane. Mapaja yakaanza kupanda na kushuka. Akasimama, yakaendelea.

Mume alimrudisha gereji kwa miguu, hakuthubutu kumpandisha gari. Daktari aliwasikiliza hadi mwisho, akakaa juu ya tairi.

"Tulihamisha vitu viwili," alisema.

"Viwili vipi? Tulihamisha kiti tu."

Daktari alimtazama mwanamke, halafu akatazama chini. Boliti walikuwa wamezihesabu. Waya walikuwa wameziwekea alama. Yeye walimshika mkono, wakamtoa gari hili wakampandisha lile, na hakuna aliyemhesabu.

Mganga alikuja nyumbani asubuhi, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea na haraka ya mtu anayesubiriwa kwingine. Hakuwasha kitu. Aliweka kiganja juu ya goti la mwanamke, akakaa hivyo muda mrefu, na ile haraka ikamtoka.

"Alikuwa anampakata mtoto kutoka nje," alisema, taratibu, kama kuna mtu amelala chumba cha pili. "Alikuwa na kiti chake. Mkamchomea. Mtu ukimchomea kiti, atakaa wapi?"

"Mtoe, mama," mume alisema. "Nakuomba."

"Naweza kumtoa leo hii. Lakini hatatoka mikono mitupu."

Mume alifunika uso. Mwanamke ndiye aliyeendelea kuuliza.

"Na nikisubiri?"

"Utazaa, mwanangu. Mtoto atalia, atanyonya, atakua. Ila atakuwa ameshamzoea."

"Atakuwa ameshamzoea nani?"

"Huyo anayembembeleza."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ingekuwepo kabla ya moto." Mganga alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ulipousikia mtetemo mara ya kwanza, ni nani aliyeambiwa?"

"Wote," alisema mwanamke.

Akachagua kusubiri. Hakuna aliyebishana naye, na kwa mara ya kwanza kunyamaza kwao kulikuwa na heshima. Miezi iliyobaki alitembea akitetemeka, alikula akitetemeka, alilala ubavu akiwa amepakatwa. Mtoto tumboni hakupiga teke tena, ila alikua. Wakunga walisikiliza moyo wake wakasema u mzima, tena mtulivu ajabu.

Alijifungua mchana, mvua ikinyesha juu ya bati la wodi. Alisukuma, akasukuma tena, na mtoto alipotoka, mapaja yake yakatulia. Utulivu huo alikuwa ameusahau. Ulimwingia mifupani kama maji baridi, na alipoelewa maana yake, kwamba aliyempakata ametoka na mtoto, alijaribu kuinuka.

Mtoto alilia mara moja. Kisha akanyamaza ghafla, kama mtoto aliyechukuliwa na mtu anayemjua.

"Msichana," alisema mkunga, akimviringisha kwenye khanga. "Mzuri. Anatetemeka kidogo, ni baridi tu." Akatazama mikono yake mwenyewe. "Mpaka mimi ananitetemesha."

Mlangoni palikuwa na wengi: mama mkwe, mawifi, nesi mwingine aliyekuwa amepita tu. Wote walikuwa wameshanyoosha mikono.

"Hebu nimbebe kidogo mjukuu wangu," mama mkwe akasema, akisogea.

Mwanamke alikuwa ameshakaa, damu ikimtoka bado, mikono ameitanguliza mbele ya wote.

"Dada," alimwambia mkunga, "nakuomba usimpokeze mtu mwingine. Nipe mimi."