Satini Nyekundu ya Seremala

Krrr... tak. Krrr... tak.

Alfajiri, giza bado nene, Mama Kifungo akasikia cherehani yake ikilia sebuleni. Akapapasa kitandani. Mume hayupo. Fundi cherehani nyumba ile ni yeye. Mumewe seremala, hata kutunga uzi kwenye sindano hajui. Moyo ukamlipuka, maana tangu jana simu yake ilikuwa na ujumbe wa dada yake:

"Nimemwona shemeji dukani anapapasa satini nyekundu kama amelogwa. Ni yako kweli?"

Yake? Tangu ajifungue mtoto wa pili nywele zinamkatika, kichwa hakitoki kwenye kitambaa. Nani amnunulie kitu chekundu cha kung'aa?

Akanyata, akawasha taa.

"Baba Kifungo! Gauni la nani hilo?"

Seremala akaruka, kidole mdomoni. Amejichoma.

"Gauni gani, mke wangu? Hebu tazama vizuri."

Akatazama. Foronya! Mshono umepinda kama mlevi anarudi nyumbani.

"Ya nani?"

"Ya kichwa chako. Kila asubuhi unaokota nywele kwenye mto, unazificha mfukoni. Unadhani sioni? Foronya zetu zinasugua kama msasa. Nikauliza dukani, kitambaa gani hakisugui?"

Mama Kifungo akaishika foronya, akaigeuzageuza, kicheko kikampasuka.

"Mbona mng'aro umeuweka ndani?"

"Usichafuke! Meza nikishaipiga vanishi si naifunika?"

"Jamani, seremala wangu! Satini ina sura mbili. Huku uzi unaruka juu ya wenzake kadhaa ndipo unazama, ndiyo maana kunateleza. Huku nyuma ndiko kwenye msasa wako."

"Kumbe! Mimi nilidhani satini ni aina ya uzi."

"Ni namna ya kufuma tu. Hata pamba hufumwa hivyo."

"Basi nimeharibu."

"Wala. Fumua huko, nami nifumue huku." Kisha kwa sauti ndogo: "Nilidhani una mtu."

"Ninaye. Anaficha nywele mfukoni."

Mama Kifungo akacheka, machozi yakimlenga. Akafungua kitambaa kichwani, mwenyewe, mbele ya taa.

Kesho yake asubuhi Kifungo, binti yao mkubwa, akapanda kitandani kama kawaida yake. Akamsukuma mama kichwa, akaukagua mto mwekundu kona hadi kona, kisha akasema:

"Mama, leo mto hauna nywele."