Mlio Mmoja wa Magharibi

Kila jua lilipokaribia kuzama, Bi Mwanahalima aliifunika simu yake ya ukutani kwa kanga. Costantine aliliona jambo hilo siku aliyopanga chumba nyumbani kwake, kisiwani, mjini Kilindoni, akadhani bibi anazuia vumbi. Lakini asubuhi vumbi lilikuwa jingi zaidi, na asubuhi simu ilikaa wazi.

Costantine alikuwa kijana wa bara, fundi wa kompyuta. Alizunguka na watafiti wa hifadhi ya bahari, akipeleka takwimu za kasa Dar es Salaam kwa barua pepe. Kompyuta yake ya mkononi ilitumia mfumo wa Linux, na Linux haikuielewa modemu iliyokuwa ndani yake, kile kifaa cha kupitisha barua pepe kwenye laini ya simu. Kwa hiyo kila alikokwenda alibeba modemu ya nje, kisanduku cheusi chenye taa nyekundu, akaiunganisha na simu ya wenyeji wake.

"Mjomba, kidude chako kinalia kama kuku anayekabwa," alisema Sabra, mjukuu wa Bi Mwanahalima, mtoto wa miaka saba.

"Kinasalimiana na mwenzake wa Dar."

"Mbona salamu yenyewe kama ugomvi?"

Bibi alicheka kidogo, mtandio mdomoni. Siku hizo hakuwa mtu wa kucheka. Mwanawe Shamte, baba yake Sabra, alikuwa amezama mkondoni upande wa Kua, na bahari haikumrudisha. Walimsalia bila maiti. Mke wa Shamte alikuwa ametangulia zamani, hivyo katika nyumba ile walibaki bibi na mjukuu tu.

Jioni ile simu ililia chini ya kanga. Ililia mara moja, ikanyamaza. Costantine akanyoosha mkono.

"Iache, mwanangu," bibi alinong'ona.

"Ni nani, bibi?"

"Tangu arubaini ya Shamte inalia hivyo kila magharibi. Mara moja tu. Binadamu mwenye shida yake atapiga tena. Huyu hana shida ila kuitikiwa. Ukimwitikia, umemkaribisha ndani." Akamtazama Sabra, aliyekuwa akichezea ncha ya kanga. "Na mtoto huyu anamngoja baba yake. Niahidi hutaipokea."

"Naahidi, bibi. Sitaishika."

Kesho yake Fredy, mwenzake wa Dar, alimwandikia kwamba angemtumia ramani za matumbawe kwa kupiga simu moja kwa moja kwenye kompyuta yake. Angepiga jioni, laini zikiwa na nafasi. Costantine akaketi sebuleni mbele ya kioo cheusi cha kompyuta, akaandika amri: modemu iipokee simu yenyewe, kwenye mlio wa kwanza. Aliikumbuka ahadi yake, na moyo wake ukatulia. Mkono wake usingegusa simu.

Adhana ya magharibi ilipoanza, bibi alikuwa uani akitia udhu. Sabra alikuwa mkekani na juzuu yake. Simu ikalia.

Mara moja. Taa za modemu zikawaka.

Costantine alingoja ule ukelele wa kila siku. Haukuja. Kutoka kwenye spika ndogo ya kisanduku ilitoka sauti ya maji yakipiga mbao, polepole, kisha pumzi ya mtu aliyechoka. Harufu ya mwani uliooza ikajaa sebuleni.

"Sabra," sauti iliita.

"Baba?"

"Ee, mwanangu. Njoo unishike mkono. Baba anaona baridi."

Costantine akachomoa waya wa simu, taa hazikuzimika. Akachomoa na waya wa umeme, taa bado zinawaka, na sakafuni karibu na mlango uliofungwa ukaonekana unyayo wa maji, kisha mwingine mbele yake, kisha mwingine, nyayo zinazokuja mkekani bila mtu juu yazo, na Sabra amekwisha simama, anatabasamu, mikono ameinyoosha kama mtoto anayetaka kubebwa, na maji yamekwisha kumfika vidoleni.

Bibi akaingia, viwiko vikimchuruzika.

"Nani kampokea?"

"Mashine, bibi! Mimi sikushika..."

"Ya nani?"

Bibi akamvuta Sabra kifuani, akaanza kusoma Ayatul Kursiy. Nyayo zikasimama.

"Mama," sauti ikasema taratibu. "Ni mimi. Mama, maji haya ni baridi."

Kisomo kikamkatikia katikati. Hivyo ndivyo Shamte alivyomwita tangu utotoni, akivuta neno mwishoni. Bibi akafumba macho. Mtoto mikononi mwake alikuwa amepoa kama samaki.

"Mwanangu nilimsalia," alisema. "Yuko katika rehema ya Mola wake, na rehema ya Mola haina baridi. Wewe si yeye. Aliyekupokea hakuwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba ni mimi, na mimi sikukaribishi."

Akairudia aya tangu mwanzo, akaimaliza. Taa zikazimika moja baada ya moja.

Asubuhi Costantine aliifungua modemu yake. Ndani ilijaa maji ya chumvi. Alimwomba bibi radhi, akapewa, akaondoka na ndege ya mchana. Sheikh Hemedi alikuja kuisomea nyumba, na simu ikang'olewa; ukutani palibaki matundu mawili ya misumari.

Magharibi ile Sabra aliinua kichwa kutoka kwenye juzuu.

"Bibi, imelia."

"Mara ngapi?"

"Moja. Sikuitika."

"Umefanya vyema, mjukuu wangu. Akikuita usimwitikie kamwe."

"Hakuniita mimi." Sabra aliendelea kuyatazama yale matundu. "Anakuita wewe. Anasema, mama."

Bi Mwanahalima akaufunika mdomo wake kwa mikono yote miwili, akaubana kwa nguvu, machozi yakipita katikati ya vidole, kwa maana jibu lilikuwa limekwisha kufika ulimini.