Nyota ya Mpishi

Dhoruba iliwatawanya ng'ombe wote, na wezi waliokuja nyuma yake wakampiga Cipriano risasi ya tumbo. Wakabaki watatu na gari la chakula katikati ya nyika kavu ya Texas: Cipriano, mdogo wake Rubén, na mzee Hosea, mpishi. Mto ulikuwa kaskazini. Wasipoufikia upesi, Cipriano hana lake.

Kila jioni Hosea aliugeuza mti wa kukokotea gari ukaelekea nyota ya kaskazini, kama wafanyavyo wapishi wote wa misafara, ili asubuhi wajue njia. Lakini asubuhi moja jua liliwachomozea usoni badala ya mkono wa kulia.

"Mzee, unatupeleka wapi?" Rubén aliuliza.

"Unakoelekea mti. Nyota haihami, kijana."

"Kwa hiyo jua ndilo limelewa?"

"Liulize mwenyewe."

Mchana wakakuta majivu ya moto wao wenyewe. Cipriano alikuwa akinyonya kitambaa kikavu. Kiu ilikwishamla Rubén akili. Akaamini mzee kanunuliwa na wezi, akachomoa bastola. Hosea hakukimbia.

"Jioni uuelekeze mti mwenyewe," alisema, "uone."

Risasi ilimpata shingoni. Alichukua muda mrefu kufa.

Jioni Rubén akauelekeza mti kaskazini. Nyota ilikuwa pale pale, nyeupe, imetulia. Aliikazia macho mpaka yakamchonyota. Ndipo ikafumba, ikafumbua kama jicho, ikasogea taratibu kushoto, na nyota nyingine zikaipisha. Rubén akajua kwamba imemwona. Mzee wa watu hakuwa na kosa lolote.

"Umeipata?" Cipriano aliuliza kutoka garini.

"Nimeipata, kaka. Kesho tunakunywa."

Kulipokucha mwili wa Cipriano ulikuwa umeshapoa.

Msafara mwingine ulimwokota Rubén akitambaa, midomo imepasuka. Mto ulikuwa ng'ambo tu ya mwinuko. Wakamnywesha kwa kijiko, naye akalia, maana maji yalikuwa matamu.

Jioni mpishi wao, Wendell, mtu wa maskhara, akaushika mti wa gari lake. Rubén akamng'ang'ania mguu.

"Usiifuate ile. Nakuomba."

"Jua limekupiga, ndugu yangu. Lala. Nyota haihami."

Rubén akalaza uso mchangani. Mbinguni hakutazama tena maishani mwake. Alimsikia Wendell akiugeuza mti, akipiga mluzi. Mluzi ukakatika. Wendell akaurekebisha mti kidogo, kisha akaurekebisha tena.