Sifongo Chini ya Zulia

Kila asubuhi mshona viti alipita kwenye korido ya nyumba yake kwa hatua za kuruka, kama mtu anayevuka mtaro. Alizijua mbao zinazolia na zile zinazobonyea. Mkewe naye alizijua. Watoto walizijua hata gizani. Sakafu ilikuwa ya zamani, ya mbao, imeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Watu wote wa nyumba walikuwa wamejifunza kuikwepa badala ya kuitengeneza.

Mtu mmoja hakuweza tena kuikwepa. Mama yake mshona viti alivunjika nyonga. Alitibiwa akapona, lakini sasa alitembea kwa magongo mawili. Tangu atoke hospitali alikuwa anakaa kwa binti yake. Alitunzwa vizuri, hakulalamika. Ila kila alipopigiwa simu aliuliza kama chumba chake bado kipo.

Chumba kilikuwepo. Tatizo lilikuwa sakafu. Binti alishasema kwamba mama hatarudi kule mpaka sakafu iwe ya kutembewa na binadamu.

"Kwa hiyo sisi ni nini?" mshona viti alimuuliza mkewe.

"Kwa wifi yangu? Sisi ni mbuzi wa mlimani."

Fedha za kung'oa sakafu nzima hazikuwepo. Lilikuwepo zulia jipya la plastiki, la kutosha korido na chumba cha mama. Mshona viti akapata wazo. Kazini kwake alitengeneza viti vya mabasi. Kiti kikiwa na mbao mbaya, alikiwekea sifongo, akavuta ngozi juu yake, akaipiga pini. Abiria aliketi bila kujua kilichomo ndani. Karakana ilijaa vipande vya sifongo vya kutupwa. Akavibeba nyumbani.

Mkewe aliosha sakafu kwa ndoo za maji na sabuni. Mwanamke mwenye wifi kama wake hatandiki zulia juu ya uchafu. Jioni ileile mume akapanga sifongo, akatandika zulia, akalivuta, akalipiga pini kandokando.

Lilipendeza. Hilo lazima lisemwe. Lilikuwa laini kama godoro, na watoto walijibwaga juu yake wakacheka.

Jumapili mama aliletwa kujaribu. Aliingia kwenye korido akaegemea gongo la kulia. Gongo likazama. Akaegemea la kushoto, nalo likazama, likapinda, likamtoka. Binti yake alimdaka kwapani kabla hajaanguka.

Mama alikalishwa kitini akihema. Binti alisema kwamba mama sasa atahamia kwake moja kwa moja. Mwisho wa mwezi angeleta gari lichukue kitanda na kabati. Aliyasema bila hasira, na hilo ndilo lililouma. Mama aliyatazama magongo yake.

Kesho yake mke akamwita jirani, mwanamke seremala. Mtaa mzima ulimwita Pimamaji, kama kile kifaa cha kupimia usawa, kwa sababu hata akienda nyumba ya msiba, picha ikiwa imepinda ukutani huinyoosha kwanza ndipo atoe pole. Alikanyaga zulia mara moja tu.

"Shemeji, umetengeneza kiti," akasema. "Kizuri sana. Lakini kiti ni cha kukalia."

Mshona viti alijitetea. Sifongo, alisema, huficha mabonde.

"Humficha mwenye macho. Gongo halina macho. Zulia hili linataka chini yake pawe pagumu, pakavu, na sawasawa. Hayo matatu. Mengine ni mapambo."

Walipolifunua, sifongo zilikuwa zimelowa na mbao zilinuka ukungu. Mke alieleza kwa fahari kwamba aliosha sakafu mara mbili. Pimamaji hakumcheka. Alimwambia kwamba mbao hunywa maji, na zikifunikwa kabla ya kukauka huvimba, hupinda, na mwishowe huoza. Sakafu ya mbao hufagiliwa, kisha hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri.

Akatoka nje, akainama chini ya ukuta. Matundu ya kupitisha hewa chini ya sakafu yalikuwa yamezibwa kwa matambara. Mshona viti alikiri kwamba ni yeye aliyeyaziba, kwa ajili ya panya. Pimamaji akamwambia ayazibue, aweke wavu wa chuma. Hewa ingeingia na panya angebaki nje.

Mshona viti alitaka kazi ianze siku hiyohiyo, maana mwisho wa mwezi haukuwa mbali.

"Ngoja ikauke," Pimamaji akasema. "Kungoja hakuuzwi dukani."

Wakafungua madirisha na kungoja. Wakati huo walifanya kazi zisizotaka fedha. Mume aling'oa kila pini na kila msumari uliolegea. Mke alifagia mpaka vumbi la kwenye nyufa likaisha. Mbao zilipokauka, Pimamaji alizichoma moja moja kwa ncha ya bisibisi. Penye ugumu, ubao ulikuwa mzima. Ncha ilipozama kama kwenye mkate, ubao ulikuwa umeoza. Zilizooza zilikuwa chache, zote karibu na dirisha. Kwanza wakaziba mahali mvua ilipokuwa ikipenyea. Kisha wakaziondoa, wakachungulia chini kuona kama maboriti ni mazima, wakatia mbao kavu za unene uleule kutoka kwenye mabaki ya seremala.

Mbao zilizolia hazikupigwa misumari tena. Zilikazwa kwa skrubu mpaka kwenye boriti, kwa sababu msumari hulegea na ubao ukaanza tena kelele. Kabla ya kutoboa, Pimamaji alihakikisha kwamba chini hakuna waya wala bomba. Vichwa vya misumari ya zamani vikazamishwa ndani ya ubao. Kingo zilizoinuka zikapigwa randa. Alieleza kwamba kama sakafu ingekuwa na rangi ya zamani, asingekubali ipigwe randa wala msasa mkavu, kwa sababu vumbi la rangi hizo huweza kuwa na sumu ya madini ya risasi. Nyufa nyembamba wakazijaza kwa vumbi la mbao lililochanganywa na gundi. Nyufa pana wakazitia vijiti vya mbao.

Kisha Pimamaji akasimamisha ubao mrefu ulionyooka juu ya sakafu, akalala kifudifudi kuangalia kama kuna mwanga unaopita chini yake. Mwanga ulipopita, hapo palikuwa na bonde, na kazi ikarudiwa.

Kitu kikubwa walichonunua ni plaiwudi nyembamba ya kupigilia juu ya mbao. Mshona viti aliuliza kama ni lazima. Ni lazima, alijibiwa, la sivyo mistari ya mbao itajichora juu ya zulia, na zulia litakatika kwenye mistari hiyohiyo. Ila wangeweka kwenye korido na chumba cha mama tu. Sebule ingesubiri.

Zulia lilitandazwa siku nzima likae sawa. Ilipofika zamu ya kukata pembe na kuzunguka miimo ya milango, Pimamaji alimpa mshona viti kisu.

"Hapa huvuti, shemeji. Unakata tu."

Alikata. Hakukuwa na pembe iliyokunjamana, na Pimamaji alisema yeye asingeweza. Kingo wakazibana kwa vipande vya mbao ukutani. Mlangoni wakaweka ukanda bapa wa chuma, ili ncha ya gongo isinase.

Mwisho wa mwezi gari lilifika. Mama alikuwa ameketi mbele, karibu na dereva. Binti alimshika mkono kumteremsha, naye akautoa taratibu.

Aliingia kwenye korido peke yake. Gongo la kulia likagonga chini, sauti kavu. La kushoto likafuata. Nyuma yake binti alitembea akikandamiza sakafu kwa kisigino, huku na huku, akitafuta mahali pa kusema neno. Hakupata. Mama alifika chumbani, akageuka, akaketi kitandani kwake.

Mpakizi aliyekuja na gari alichungulia mlangoni akauliza waanze na kitanda au kabati. Binti alimtazama mama yake.

"Hakitoki kitu hapa," mama akasema. "Nendeni na gari lenu, mkaniletee nguo zangu zilizobaki kwenu."

Binti akatoka kwenda kumwambia dereva awashe gari.