Nukta Kumi na Mbili za Rangi ya Kucha

Gari lilizimika katikati ya mzunguko wa barabara, saa sita mchana, mbele ya stendi kuu ya mabasi, mahali ambapo hata mwenye gari jipya humwomba Mungu apite salama. Mfamasia alizungusha ufunguo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyuma yake honi zilipigwa kama vile yeye ndiye aliyebuni foleni. Gauni lake la kijani lilikuwa limemkaa barabara, lakini jasho lilishaanza kuharibu poda.

"Usiwashe tena, dada," sauti ilisema dirishani. "Utalichosha bure."

Alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa overoli ya bluu iliyopigwa pasi. Mfamasia hakuwahi kuona overoli iliyopigwa pasi. Jambo la pili lililomshangaza ni kwamba yule mtu aliomba ruhusa kabla ya kugusa boneti. La tatu ni alipouliza gari lina umri gani, akaambiwa kwamba limemzidi hata mwenyewe anayeliendesha.

"Basi shikamoo, mama," aliliambia gari.

Mfamasia alicheka, na hakuwa amepanga kucheka siku hiyo. Makondakta wawili walisaidia kusukuma hadi pembeni, na yule fundi akampa kadi ya gereji yake.

Gari lenyewe lilikuwa la baba yake, mwalimu mstaafu, aliyelilea kwa mikono yake kila Jumamosi kwa miaka zaidi ya thelathini. Aliliita Bi Mkubwa. Marehemu mama alizoea kusema kwamba yeye aliolewa mke wa pili, maana alipofika nyumbani alimkuta mwenzake ameshaegeshwa uani. Miaka miwili iliyopita macho ya baba yalizima kabisa, akamkabidhi binti yake ufunguo bila maneno mengi.

Binti naye alikwenda kuchagua gereji kwa macho. Alichagua yenye vigae vinavyong'aa, makochi na kahawa ya bure. Bi Mkubwa alirudi amepakwa rangi kama bibi harusi. Baba alipitisha kiganja chake mwilini mwa gari polepole, akafika kwenye kioo cha pembeni, akasimama. Akabonyeza honi mara moja.

"Hiki si kioo changu," alisema. "Na honi hii si yangu."

Hakugomba. Aliingia ndani, na tangu siku ile hakukanyaga tena ndani ya gari lake. Kimya kile kilimtafuna binti kuliko matusi. Ndipo jioni moja alipochukua chupa yake ya rangi nyekundu ya kucha akaweka nukta kwenye vifaa kumi na viwili vya asili vilivyobaki, mahali pa kificho. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Safari hii kikiibwa kitu, angejua.

Kwa hiyo alipofika kwenye gereji ya mtu wa overoli, nyuma ya maduka ya mbao, alimhoji kama hakimu. Watu walimwita Taratibu kwa sababu alipokea magari mawili tu kwa wakati mmoja, na hakugusa gari lenye umri mdogo kuliko wake. Kila kifaa kilichofunguliwa kilifungwa kwenye kitambaa na kuandikiwa jina. Kibovu kilirudishwa kwa mwenyewe, hata kama ni chuma cha kutupa. Na kila siku saa nne asubuhi, alisema, angepiga simu kueleza alipofikia.

"Na kama unataka kufanya jambo ambalo hatujakubaliana?"

"Nakuuliza kwanza. Hakuna kinachotoka kwenye gari hili bila wewe kujua."

Mfamasia alimwachia ufunguo, lakini hesabu ya nukta zake aliondoka nayo kichwani.

Simu za saa nne zilianza kama taarifa ya habari. Aliuliza mgonjwa ameamkaje, naye Taratibu akajibu kwamba mgonjwa amebadilishwa plagi na amelala vizuri, daktari asiwe na wasiwasi.

"Mimi si daktari. Ni mfamasia."

"Unatibu watu, mimi natibu vyuma. Mbona mimi sikatai kuitwa fundi?"

Kufika wiki ya tatu taarifa ilichukua dakika mbili, na simu nzima ilichukua arobaini. Wenye kikohozi walisubiri kaunta huku mfamasia akicheka na simu bila dawa mkononi. Alipenda jinsi yule mtu alivyozungumza juu ya kazi bila kujisifu. Jumamosi alikwenda mwenyewe na chai kwenye chupa, akakaa juu ya tairi kumwangalia akisafisha skrubu ndogo moja kwa robo saa nzima, na moyoni alikiri kwamba amepatikana.

Jumamosi hiyohiyo aliona kitu kilichomchoma. Ukucha wa dole gumba la Taratibu ulikuwa umepakwa rangi nyekundu.

"Nani amekupaka?"

"Ajali ya kazini," alijibu haraka, akauficha mkono mfukoni.

Ajali ya kazini inayotumia brashi ndogo, aliwaza mfamasia. Wivu ukishaingia hauhitaji kukaribishwa tena, na Jumatano iliyofuata alifunga duka mapema akaenda gereji bila kupiga hodi ya simu. Alivaa gauni la njano ambalo alijua linampendeza, ili kama kuna mwanamke mwingine, amkute amejiandaa.

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na gari jingine, la aina ileile ya Bi Mkubwa, la mteja mwingine, boneti wazi, injini ikinguruma kwa utulivu. Mfamasia aliinama kutazama. Kwenye kabureta, ubavuni, chini ya mrija wa mafuta, palikuwa na nukta nyekundu.

"Hiki ni nini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa yake.

"Ni kabureta yako," Taratibu alijibu bila kusita. "Nimeiazima kwa saa moja. Ikifanya kazi kwenye injini nzima, najua ugonjwa hauko kwake."

"Uliniuliza?"

Alizima injini.

"Hapana. Nilitaka kukushangaza jioni kwa jibu. Hapo nimekosea."

"Wale wa kwanza nao waliazima. Wanaazima mpaka leo."

Akaita gari la kuvuta. Taratibu hakumbishia. Aliifungua kabureta ikiwa bado ya moto, akaikamata kwa kitambaa, akairudisha kwa Bi Mkubwa mbele ya macho yake na kukaza kila nati. Akamkabidhi mfuko wa vifaa vibovu vyote, kila kimoja na jina lake. Mwishoni alimwomba amwambie fundi atakayefuata kwamba tatizo ni koili ya kuwashia, asije akafungua injini bure.

Siku tatu mfululizo simu iliita saa nne, na hakupokea. Siku ya nne haikuita. Siku hiyo ndiyo aliyohesabu vidonge vya mgonjwa mmoja mara tatu na kukosea zote tatu.

Jioni alimweleza baba yake kila kitu, kuanzia nukta hadi kabureta. Mzee alisikiliza, akaomba ashikwe mkono mpaka uani. Alipapasa mlango wa dereva kwanza, akatabasamu. Waya alioufunga yeye mwenyewe kwenye bawaba, zamani sana, ulikuwa bado pale, haukukatwa wala kunyooshwa. Kisha akaingiza mikono chini ya boneti.

"Kuazima ndiyo njia ya kupima," alisema. "Hata mimi nilikuwa naazima kwa jirani. Kosa lake ni kutokuomba."

"Alikiri, baba."

"Mh. Sasa hii kabureta imeoshwa kwa thina, ile ya kuyeyusha rangi. Haina hata chembe ya grisi. Hebu niambie, mama, rangi yako ya kucha iliponaje?"

Mfamasia aliuza dawa ya kuondolea rangi hiyo kila siku, na alijua vizuri thina inafanya nini. Alichukua tochi akaanza kutazama. Nukta zake alizipaka kwa haraka na mkono unaotetemeka, zilikuwa kama matone yaliyomwagika. Hizi zilikuwa ndogo, za duara, safi, zote kumi na mbili, kila moja mahali pake. Akaukumbuka ule ukucha wa dole gumba. Alikaa chini, hapohapo ardhini, na gauni lake.

Alipiga simu yeye.

"Fundi."

"Daktari."

"Rangi uliinunua wapi?"

Upande wa pili spana iliwekwa chini.

"Duka la tatu. Mawili ya kwanza hawakuwa na nyekundu ile. Ilibidi nijaribu kwenye ukucha."

Kesho yake Taratibu alifika na koili mkononi, overoli imepigwa pasi. Mfamasia alimsubiri uani akiwa na pamba na chupa ya kuondolea rangi. Fundi akifunga koili upande mmoja, yeye upande wa pili alikuwa anafuta nukta, moja baada ya nyingine.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki ya kwanza. Nilipoosha kabureta kitambaa kilitoka chekundu. Nikazitafuta nyingine kabla sijaosha kitu tena."

"Na hukukasirika kwamba nakushuku?"

"Niliona mtu anayejua kupenda kitu chake." Alikaza nati, akaendelea kuitazama hata ilipokuwa imeshakazika. "Nikatamani na mimi niwekewe nukta."

Mfamasia aliiweka pamba chini. Alifungua mkoba, akatoa chupa nyekundu, akauvuta ule mkono wenye harufu ya petroli na kuushika vizuri. Alipaka ukucha wa dole gumba polepole, bila kutetemeka.

"Umeshawekewa," alisema. "Ukipotea nitakujua popote, mpenzi."

Taratibu alinyoosha mkono usio na rangi mbichi, akazungusha ufunguo. Bi Mkubwa aliitika mara moja. Barazani fimbo iligonga ngazi moja, ya pili, ya tatu. Mzee alifika, akapapasa mlango, akagusa waya wake, akaingia akaketi.

"Mimi nimepofuka, sijawa kiziwi," alisema, uso ukielekea mbele. "Na hiyo harufu ya rangi nimeisikia. Ikikauka, mnizungushe mjini na gari langu."