Kibati cha Babu Kwenye Chanja

Apa kwanza. Sema, "Nikisema nikatike ulimi." Haya sogea, maana Yusta akisikia nimeropoka atanivua kanga palepale ufukweni Kibirizi, hahaa!

Yusta si yule muuza dagaa wa chanja za mwisho? Basi siku hiyo aliona kunguru hawaji. Dagaa kaanika, kunguru hata mmoja! Akafurahi. Mumewe, Pastory, alikuwa ametundika kibati cha shaba kwenye chanja kiwatishe, kinang'aa kama jino la dhahabu. Alikifukua kwao Katubuka, akichimba msingi wa chumba.

Mama mkwe alipokiona, kapu likamdondoka. "Pastory! Hilo ni kaburi la babu yako!"

Enzi za Mwingereza babu huyo alipakiwa treni, manamba, akakate mkonge Tanga. Jina wakalitupa, wakamvisha kibati cha namba shingoni. Akafia huko. Kilichorudi ni hicho kibati, wakakizika badala ya mtu.

"Kaburi gani la kibati, mama?" Pastory akacheka.

Mchana uleule harufu ya mkonge uliooza ikapanda toka kwenye dagaa, mpaka Winfrida wa chanja ya jirani akaziba pua, na sauti ya mwanamume, kavu, ikaita ile namba ya kwenye kibati, na kwetu ukiitwa na usiyemwona unanyamaza, lakini Pastory kwa ubishi wake akaitika, "Nipo!"

Mama wee! Viganja vikaanza kumchanika vyenyewe, mistari mistari kama kachomwa na miiba, akawa anakata hewa kwa panga asilokuwa nalo, ukimuuliza jina anataja namba, na Yusta kamng'ang'ania kiuno anaburuzwa kuelekea reli, huku pembeni yao nyayo za miguu mitupu zinajichora mchangani, foleni nzima, wenye miguu hawaonekani.

"Mume wangu, nitazame! Ni mimi!"

"Nyamaza," akanong'ona, "mnyapara atasikia."

Akaletwa Bi Yasmini, mganga wa Ujiji. Akakinusa kibati. "Babu yenu alikuwa amelala. Anayeita si yeye, ni jini. Ndilo lililomla babu huko mkongeni, na halijashiba."

Wakakifunga kwenye sanda pamoja na mgomba uwe badala ya mwili, wakakizika upya. Sauti ilipoita, mama mkwe akapaza yake, akamtaja babu kwa jina lake: "Hana namba! Huyu ni Samson, kafika kwao!"

Pastory akaanguka, akalala kama mtoto. Kunguru wakarudi.

Lakini jana, jua la utosi, ile sauti imeita tena. Namba nyingine. Na pale kwenye chanja kuna mtu kaitika.

Nani kaniambia? Winfrida. Joto lote lile, viganja kavizungushia kanga, hataki nivione.