Goti la Bibi Yosefina

Kila asubuhi kabla ya shule, Aurelia alichota maji, akapika uji, kisha akamwekea Bibi Yosefina kigoda chake barazani. Tangu goti la bibi lianze kuuma, watu wa nyumba ile ya kijijini Kiberege walimkataza kazi zote. Mzee akiumwa hainuki. Hiyo ndiyo heshima. Hata ufagio Aurelia alimnyang'anya. Lakini goti lilizidi kukaza, na Aurelia alichoka hadi akawa anasinzia darasani.

Baba yake mdogo, Fulgensi, naye alichoka. Alikwishampeleka bibi kupigwa picha ya eksirei mara mbili. Sasa alitaka ya tatu, kisha upasuaji Dar es Salaam.

"Tutauza shamba la mpunga," alisema.

Machozi yalimlengalenga bibi. Shamba lile alilifyeka kwa mikono yake.

Walianzia hospitali Ifakara. Daktari Siwema alimwamkia bibi, akalikunja na kulikunjua goti, akazitazama zile picha. Fulgensi aliomba ya tatu, na upasuaji.

"Ya tatu ya nini, baba? Mifupa imelika kidogo, kama ya wazee wengi, hata wasioumwa. Kisu hakitamrudishia ujana. Bibi, nyumbani unafanya kazi gani?"

"Kazi? Nimekatazwa hata kusimama, mwanangu."

Aurelia aliona aibu. "Mimi ndiye ninayemkataza. Niliogopa ataumia zaidi."

"Ulimpenda, ila msuli usiotumika hulegea, na goti hukosa nguvu. Akiketi, anyooshe mguu na kuushusha polepole. Atembee kila siku. Goti likivimba, mrudi."

Fulgensi aliguna. "Safari yote hii, tunaambiwa atembee!"

Mazoezi yalichosha. Bibi alinung'unika, siku nyingine alikataa kabisa, na Aurelia akaketi kando yake akinyoosha mguu wake pia.

Mpunga ulipotoa masuke, walihamia shambani kuwinga ndege, kama ilivyo desturi ya bondeni. Jioni moja Aurelia na Fulgensi walisikia debe likigongwa. Bibi alikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu, akiwafokea ndege.

"Mama, shuka! Goti!"

"Linauma kidogo, ila limepanda ngazi," bibi alijibu. "Mjukuu wangu, kumheshimu mzee si kumketisha tu. Nawe Fulgensi, usikimbilie kisu kabla hujauliza kama kinahitajika. Haya, nileteeni wali huku!"

Fulgensi alicheka, akapanda na sahani. Chini ya dungu, kigoda cha bibi walichokuja nacho kilikuwa kitupu. Aurelia alikikalia, akapumzika.